Grini mbili kwa shimo moja: kwa nini viwanja vya gofu vya Japani vilichorwa hivi?

Mpigaji_wa_Pwani ameuliza:

Wakuu, salaam.

Nina ramani mbili za uwanja wa Mashariki wa Kasumigaseki Country Club, ule wa Kawagoe mkoani Saitama uliochezewa gofu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Kwenye ramani ya zamani kila shimo lina grini mbili (ile sehemu ya nyasi fupi sana penye kikombe na bendera), moja kushoto na nyingine kulia, katikati yake mara nyingi pana banka, yaani shimo la mchanga. Kwenye ramani mpya grini ni moja tu. Nikaangalia viwanja vingine vya huko na kukuta vingi bado vina mbili.

Maswali yangu ni haya. Grini mbili ni za kazi gani? Wapo wanaodai ni mambo ya bustani za Kijapani, uzuri wa kushoto na kulia, lakini maelezo hayo hayanikai. Halafu kuna mabanka yenye kina cha kutisha yanayoitwa ya Alison: huyo Alison ni nani, na kwa nini mabanka yake hayajafukiwa hadi leo? Tena viwanja vingi vya kule vinafanana: kila shimo limezungukwa na msitu wake, mashimo 9 ya kwanza lazima yarudi klabuni, na karibu kila mahali kuna bwawa.

Mwisho, kuna wenzetu watakwenda kucheza maeneo ya Tokyo mwezi wa Novemba. Wajue nini kabla ya kusimama kwenye tii ya kwanza, pahali pa kuanzia shimo? Naomba majibu ya wenye kuijua kazi, tusikisie.

---

Mtunza_Nyasi amejibu:

Mkuu, bustani weka kando kabisa. Grini mbili ni jibu la hali ya hewa, wala hakuna falsafa ndani yake.

Sehemu kubwa ya Japani, hasa kuanzia nyanda za Kanto, yaani eneo la Tokyo, kushuka hadi Kansai na Kyushu, ina majira mawili yanayogombana. Majira ya joto ni ya unyevu mzito: Juni na Julai kuna msimu wa mvua mfululizo, Agosti usiku joto linaweza kubaki juu ya nyuzi 25 hadi alfajiri. Majira ya baridi yanaleta sakitu asubuhi na udongo mgumu. Hakuna aina moja ya nyasi za zamani iliyoweza kuvumilia yote mawili huku ikikatwa kwa urefu wa grini.

Nyasi za benti zinapenda ubaridi. Mizizi yake inakua vizuri udongo ukiwa na nyuzi 10 hadi 18 hivi, na majani nyuzi 15 hadi 24. Joto likizidi, hasa la usiku, mmea unatumia chakula kingi kuliko unachotengeneza mchana. Mizizi inafupika, kisha fangasi wa pithiamu na madoa ya kahawia vinaingia. Grini inaweza kufa sehemu kubwa ndani ya siku chache ikiwa na maji yaliyotuama.

Korai ni kinyume chake. Hii ni zoisia, jamii ya nyasi za Asia, ya majani membamba, inapenda joto, haiogopi Agosti. Lakini baridi ikifika inalala na kugeuka rangi ya majani makavu kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi au Aprili. Ikiwa imelala haijitengenezi: mashimo ya mipira na nyayo za watu yanabaki pale pale hadi majira ya kuchipua. Sasa mpe uwanja kama huo wachezaji 200 kwa siku, maana klabu nyingi za huko hupokea vikundi 40 hadi 50 vya watu wanne siku ikijaa. Kufikia Februari hiyo si grini tena.

Basi wakaamua kila shimo liwe na grini mbili: ya benti kwa miezi ya baridi na ya wastani, ya korai kwa miezi ya joto. Utaratibu huo ulienea sana kwenye viwanja vilivyojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kadi za matokeo zikawa na safu mbili za umbali.

Baadaye zikapatikana benti zenye kuvumilia. Penncross ilitoka chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1950, na baadaye zikaja aina zilizosongamana zaidi kama A-1 na A-4. Klabu nyingi zikang'oa korai na kupanda benti kwenye grini zote mbili. Kwa hiyo leo ukikuta grini mbili, usidhani moja ni ya kiangazi. Mara nyingi zote ni benti na wanazipokeza ili moja ipumzike. Hapo ndipo sababu ya kwanza ilipokufa, lakini umbo la shimo likabaki vilevile.

Tena Kasumigaseki imeshatoa ushahidi. Wanaume walicheza pale kuanzia 29 Julai hadi 1 Agosti na wanawake wakafuata kuanzia tarehe 4, yaani kitovu cha joto, kwenye benti, grini moja kwa kila shimo. Zikashika.

---

Mchora_Ramani amejibu:

Mtunza_Nyasi kamaliza upande wa majani. Mimi niongeze athari yake kwenye uchoraji, kwa sababu ndiyo inayoumiza.

Grini moja nzuri huwa na meta za mraba 500 hadi 700, na mchoraji anaipanga pamoja na mabanka ili upande mmoja wa feawei (njia ya nyasi fupi kutoka tii hadi grini) uwe na faida kuliko mwingine. Bendera ikiwa kulia nyuma ya banka, anayetoka kushoto anaona njia. Aliyekwenda kulia kwa usalama anafungiwa. Huo ndio moyo wa mchezo. Ukiweka grini mbili za meta 350 hadi 450 kila moja, zikiwa zimepishana pembeni, pembe zinaharibika. Feawei iliyokuwa sahihi kwa grini ya kushoto si sahihi kwa ya kulia, kwa hiyo mchoraji anakimbilia usawa: feawei inanyooka katikati, banka moja kushoto, moja kulia, moja katikati ya grini. Shimo halimuulizi mchezaji swali lolote mpaka afike umbali wa weji, fimbo ya mikwaju mifupi.

Si kwamba haikuwezekana kufanya vizuri. Seiichi Inoue (1908–1981) alichora Ryugasaki na Takanodai kwa grini mbili na viwanja hivyo vina heshima hadi leo. Anapishanisha kina: grini moja mbele kidogo, nyingine nyuma, na mstari wa miti unafanya kazi tofauti kwa kila moja. Kwa magharibi ya nchi jina la kutajwa ni Osamu Ueda, aliyechora Koga kule Fukuoka. Wajapani wenyewe husema Inoue wa mashariki, Ueda wa magharibi. Ila wachoraji wa kiwango chao hawakuwa wengi, na viwanja vilivyojengwa ni zaidi ya 2,000.

Sasa Alison. Charles Hugh Alison alikuwa Mwingereza, mshirika wa mchoraji viwanja Harry Colt. Alifika Japani mwishoni mwa 1930 na kuondoka mapema 1931, aliitwa na Tokyo Golf Club wachorewe uwanja mpya Asaka. Miezi michache hiyo ndiyo iliyobadilisha gofu ya nchi nzima. Alichora Asaka, alichora Hirono karibu na Kobe (ulifunguliwa 1932), aliacha mpango wa uwanja wa Fuji kule Kawana (ulifunguliwa 1936), na alipita Kasumigaseki, uliochorwa na Kinya Fujita na kufunguliwa 1929, akaagiza mabanka yaongezwe na yachimbwe zaidi. Inoue naye alikutana na Alison Kawana akiwa kijana, kabla hajawa mchoraji. Asaka haupo tena: jeshi lilichukua ardhi mwaka 1940 na klabu ikahamia Sayama, kwenye uwanja wa Komyo Otani.

Kabla ya Alison, mabanka ya Japani yalikuwa sahani za mchanga: mpira ukiingia unautoa hata kwa pati, fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini. Yeye alileta banka lenye ukuta wa nyasi ulio karibu wima upande wa grini, mara nyingi zaidi ya kimo cha mtu, mdomo uliopindapinda, na sakafu ya mchanga iliyo tambarare. Kwenye shimo la 10 la Kasumigaseki Mashariki, la pa-3 (linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu) juu ya bwawa, ndipo penye banka lililopata sifa zaidi. Kule kila banka lenye kina kirefu leo huitwa la Alison, hata lililochimbwa miaka 50 baada yake na mtu asiyemjua.

Kwa nini hayakufukiwa? Sababu moja ni heshima. Nyingine ni maji, na hii haisemwi sana. Ukipandisha mchanga juu ya ukuta wa banka kwa ajili ya urembo, kama walivyopenda Wamarekani miaka ya 1980, mvua ya tufani moja inauteremsha wote chini, udongo wa mfinyanzi unachanganyika nao, na mafundi wanatumia siku mbili kuurudisha kwa koleo. Ukuta wa nyasi ngumu za noshiba (zoisia ya majani mapana) na sakafu tambarare hauna shida hiyo. Mchanga wa sentimeta 10 hivi sakafuni, 5 unapokutana na ukuta, bomba la kutolea maji chini ya kokoto, basi. Kinachoharibika ni mdomo wa juu: wachezaji wakitoa mpira kwa nguvu, mchanga unarushwa na kujirundika pale mwaka hadi mwaka, mdomo unanyanyuka na kuwa mviringo, ule ukali wa mstari wa awali unapotea. Hirono walipofanya ukarabati uliokamilika 2019 chini ya mchoraji Martin Ebert, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kurudisha kingo hizo kwa kufuata picha za miaka ya 1930.

Na Hirono ndiyo ramani ya kusoma kama mtu anataka kuona gofu ya Japani kabla haijanyooshwa. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Kuki, watawala wa zamani wa Sanda: misonobari, mabwawa ya kumwagilia mashamba, na makorongo. Alison hakuyafukia makorongo. Aliyapanga yakatwe kwa mshazari, hivyo mchezaji anachagua mwenyewe avuke umbali gani. Grini moja kwa kila shimo, tangu mwanzo.

---

Mpigaji_wa_Pwani ameandika:

Asanteni sana wakuu, hii ni shule. Mtunza_Nyasi, nikuulize kitu cha ufundi: klabu ikiamua kutoka grini mbili kwenda moja, kazi inafanywaje hasa? Je, wanafunga uwanja?

---

Mtunza_Nyasi amejibu:

Hawafungi, na hiyo ndiyo faida ya mwisho ya kuwa na mbili. Wanacheza kwenye moja wakati nyingine inachimbwa.

Kwanza wanaamua mahali. Njia rahisi ni kuchukua grini moja iliyopo na kuipanua hadi meta za mraba 600 hivi. Njia nzuri zaidi, lakini ghali, ni kujenga mpya katikati ya mbili za zamani, pale palipo na banka la kati. Inahitaji njia mpya za maji na kwa muda fulani wachezaji wanapewa grini ya muda. Kabla ya kuchimba wanaangalia jua. Benti inataka jua la asubuhi ili umande ukauke mapema. Misonobari mirefu upande wa mashariki ni adui mkubwa kuliko joto lenyewe. Ukiona grini imejengwa upya na mafundi wa daraja la juu halafu kila Agosti inakufa upande mmoja, tazama miti kabla ya kulaumu mchanga.

Kisha ujenzi wa kawaida wa mfumo wa chama cha gofu cha Marekani (USGA) uliotolewa 1960:

1. Wanachimba sentimeta 40 chini ya uso unaotakiwa, sakafu ikifuata miinuko ya juu ili unene uwe sawa kote.
2. Wanakata mitaro ya sentimeta 20 na kulaza mabomba yenye matundu, umbali usiozidi meta 5 kati ya bomba na bomba, yakielekea sehemu ya chini kabisa.
3. Wanaweka kokoto safi sentimeta 10.
4. Juu yake tabaka la mizizi la sentimeta 30: mchanga uliochekechwa, wenye asilimia ndogo ya mboji.

Kwa grini ya meta 600 za mraba hiyo ni meta za ujazo 180 za mchanga na 60 za kokoto. Agiza mchanga zaidi, 210 hivi, maana unashuka ukishindiliwa. Kosa la kawaida ni kuchagua kokoto na mchanga bila kuvipima pamoja maabara. Chembe zisipolingana, mchanga unazama ndani ya kokoto na mabomba yanaziba. Kosa jingine ni kupanda kwa mabunda ya nyasi yaliyokuzwa kwenye udongo wa mfinyanzi: unaweka kifuniko kisichopitisha maji juu ya mtambo wote ulioulipia.

Mbegu Kanto zinamwagwa Septemba hadi mapema Oktoba, gramu 5 hadi 7 kwa meta ya mraba, joto la udongo likiwa bado linaruhusu kuota na magugu ya kiangazi yameanza kuchoka. Mkato wa kwanza milimita 10 au zaidi, wanashuka polepole. Grini inafunguliwa majira ya kuchipua yanayofuata, na mwenye busara anasubiri hadi mizizi ipite sentimeta 10.

Baada ya hapo kazi ngumu ni kiangazi cha kwanza. Wanapandisha urefu wa mkato kutoka milimita 3 na nusu hadi 4 au zaidi, wanatoboa kwa sindano nyembamba kila wiki mbili au tatu ili hewa iingie, wanapooza majani kwa ukungu wa maji mchana (majani tu, siyo kuloweka udongo), na grini zilizo bondeni wanazifungia feni. Hawamwagi mchanga mwingi wala kuchana nyasi Agosti. Hayo yana wakati wake, Mei na Septemba.

---

Rafu_Ndefu amejibu:

Niwaunge mkono kwenye mengi lakini nitetee grini mbili kidogo. Klabu ya kawaida ya mlimani, yenye wanachama wazee na vikundi 45 kila Jumamosi, inafaidika nazo. Unatoboa na kumwagia mchanga moja, wanachama wanacheza nyingine, hakuna anayelalamika. Mkibadilisha mkawa na moja, siku za matengenezo watu hawaji. Kasumigaseki wanazo fedha za kuwaita wachoraji wa Marekani Tom Fazio na mwanawe Logan kubomoa na kujenga upya, wengi hawana.

Kuhusu kufanana kwa viwanja, sababu zake ni sheria na biashara.

Sheria kwanza. Kufyeka msitu zaidi ya hekta 1 kunahitaji kibali cha mkoa, na kwa gofu kuna masharti yake: takriban nusu ya eneo ibaki msitu, pembezoni mwa uwanja pawe na ukanda wa msitu wa meta 30 hivi, na kati ya shimo na shimo hivyohivyo. Udongo wa kukata na wa kujaza una kikomo pia, takriban meta za ujazo milioni 2 kwa kila mashimo 18. Ndiyo maana kila feawei inaonekana kama uchochoro wake peke yake na humwoni mtu mwingine. Mabwawa nayo mengi ni ya kuzuia mafuriko: ukiondoa miti mlimani maji yanashuka haraka, basi mkoa unakudai pahali pa kuyashika kabla hayajafika kwenye mashamba ya mpunga. Mchoraji analo bwawa la lazima, anaamua tu liwe mbele ya grini ipi.

Biashara sasa. Mchezo unakatwa katikati. Vikundi vinaanza pande mbili kwa wakati mmoja, shimo la 1 na shimo la 10, kila dakika 7 au 8. Ukimaliza 9 unaingia kula, dakika 40 hadi 60, kisha unatoka upande mwingine. Mpango huo hauwezekani kama shimo la 9 liko kilometa mbili kutoka jikoni. Kwa hiyo tii za 1 na 10 na grini za 9 na 18 zote zinabanwa karibu na jengo. Jengo liko mlimani pa juu kwa ajili ya mandhari, na mashimo ya kumalizia yanapanda. Mlima ukizidi wanaweka mikanda ya kubeba watu kama ya uwanja wa ndege. Pa-72, 36 kwa 36, pa-3 nne, pa-5 nne: wanachama walizoea hivyo na muuza uanachama hakutaka maswali. Wakati wa mfumuko wa bei za ardhi, mwishoni mwa miaka ya 1980, uanachama wa Koganei karibu na Tokyo ulipita yen milioni 300, na viwanja vilijengwa kwa amana za wanachama ambao uwanja wao haujamaliza hata kuchongwa. Amana zilipodaiwa baada ya miaka 10, klabu nyingi zikafilisika na wawekezaji wa Marekani wakazinunua kwa mafungu.

Kwa mwenye kutaka kisichofanana na vingine, Oarai wa mkoa wa Ibaraki, kazi ya Inoue ya 1953, uko kwenye mchanga kando ya Pasifiki. Misonobari myeusi inaingiza matawi juu ya feawei na upepo unafanya kazi ambayo kwingine inafanywa na mabanka.

---

Kedi_Mstaafu amejibu:

Kwa hao wanaokwenda Novemba, nitaje yanayowapotezea watu mikwaju.

*Grini isiyotumika.* Mpira ukisimama juu yake, hairuhusiwi kuupiga hapo, hata kama mstari ni mzuri. Kanuni 13.1f. Tafuta pahali pa karibu zaidi ambapo mpira, miguu na mzunguko wa fimbo vyote viko nje ya grini hiyo, pasiwe karibu zaidi na shimo, kisha dondosha kutoka usawa wa goti ndani ya urefu wa fimbo moja. Hakuna adhabu. Ukiupiga palepale, ni mikwaju 2. Tangu 2019 miguu tu ikiwa juu ya grini hiyo nawe lazima utoke, isipokuwa kanuni ya uwanja iseme vingine. Soma ubao au muulize kedi, msaidizi anayetembea na wachezaji.

*Umbali.* Muulize kedi asubuhi: leo kushoto au kulia? Grini mbili zinaweza kutofautiana yadi 20 au 30 kwenye shimo moja. Nguzo za 100 na 150 kwenye viwanja vya zamani pengine zinapimwa hadi ukingo wa mbele, kwingine hadi katikati. Ukipiga aini 7 kwa namba isiyo yako, banka la Alison linakusubiri.

*Nyasi.* Feawei ni korai. Mpira unakaa juu kama umewekwa kwenye tii, hivyo hata mwenye handikapu ya 24, yaani mchezaji wa kiwango cha chini, anajiona bingwa. Novemba inaanza kukauka na mpira unabingirika zaidi. Rafu, nyasi ndefu za pembeni ya feawei, ni noshiba, majani mapana na magumu. Waliozoea nyasi za kikuyu za Nairobi wataijua haraka: inashika shingo ya fimbo na kufunga uso wake kushoto. Chukua fimbo yenye mlazo mkubwa, shika kwa nguvu kidogo zaidi, usidai umbali.

*Grini ya korai, kama bado inatumika.* Tazama mlalo wa majani kabla ya mteremko. Ukiona zinang'aa, zimelala kuelekea unakopiga, mpira utakimbia. Zikiwa na kivuli zinakupinga na lazima uongeze nguvu. Tazama pia ukingo wa kikombe: upande uliochakaa na kukauka ndiko majani yanakoelekea. Kwenye pati ya meta moja na mlalo wa pembeni, majani yanaweza kushinda mteremko.

*Tii ya mbele.* Mpira wa kwanza ukitoka nje ya mpaka, viwanja vingi vinakutaka uende kwenye alama maalumu iliyo mbele na kupiga mkwaju wa 4 kutoka hapo. Ni kwa ajili ya kasi. Kwenye mashindano rasmi kwa kawaida haitumiki. Unarudi tii na kupiga wa 3.

*Ratiba.* Jua linazama Tokyo karibu saa kumi na nusu jioni mwishoni mwa Novemba, na chakula cha mchana kimo ndani. Chukueni nafasi ya kuanza kabla ya saa tatu asubuhi. Sakitu ikiwepo mtacheleweshwa, msikanyage grini hata kwa kupita.

*Gharama zisizoonekana.* Kuna kodi ya mchezaji kwa siku: kiwango cha kawaida yen 800, isiyozidi 1,200, na wenye miaka 70 au zaidi hawalipi. Kedi ni mmoja kwa watu wanne na anaendesha kigari. Sio kama kwetu ambapo kila mtu ana wake, kwa hiyo beba fimbo mbili tatu mkononi unapoachana na kigari. Bahashishi hudaiwi.

Na mavazi: klabu za zamani zinataka koti mlangoni hata kama umetoka kwenye basi.

---

Mpigaji_wa_Pwani ameandika:

Nimepata zaidi ya nilichokuja nacho. Moja la mwisho: je, kuna uwanja wowote huko ambao ulianza kwa grini za mchanga kama zile brauni za mikoani kwetu?

---

Mchora_Ramani amejibu:

Wa kwanza kabisa. Kobe Golf Club, juu ya mlima Rokko, ulioanzishwa 1903 na Arthur Groom, mfanyabiashara wa Kiingereza wa Kobe. Alianza na mashimo manne mwaka 1901, yakawa 9, mwaka 1904 yakawa 18, na grini zilikuwa za mchanga kwa sababu hawakujua nyasi gani ingekaa pale juu. Uwanja upo hadi leo, mfupi, wa pa-61, na miteremko haijasawazishwa. Hauna nafasi ya kigari, kwa hiyo watu wanacheza na fimbo chache. Wenzetu wakiwa na siku ya ziada waende huko kabla ya msimu kufungwa, kwa kuwa kipindi cha baridi Rokko ina theluji na klabu hufunga.